Wanagenzi wa Tiba ya Akili Nairobi: Maarifa kwa Kiingereza, Malalamiko kwa Kiswahili

Makala haya yanaeleza namna madaktari wanaosomea tiba ya akili katika Chuo Kikuu cha Nairobi wanavyopata na kutumia maarifa ya taaluma yao, na nafasi ya Kiswahili katika shughuli hiyo.

Mafunzo yao huendeshwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, magharibi mwa kitovu cha jiji, na vilevile Mathari. Mbali na vitabu na maelezo ya wahadhiri wodini, wao hutegemea majarida ya mtandaoni. Mnamo Januari 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji 6 walizindua HINARI, mpango uliowafungulia wasomi wa nchi maskini majarida yapatayo 1,500, bure au kwa ada nafuu. Ipo pia miongozo ya kuainisha maradhi: wa Marekani, toleo la 5 (2013), na wa Shirika hilo, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022.

Hata hivyo, kupata chanzo si kukiamini. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo wake. Dai hilo lilienezwa katika kitabu kilichochapishwa na Shirika lilo hilo mwaka 1953. Frantz Fanon alilishambulia mwaka 1961. Hadhi ya mchapishaji, basi, haimwondolei msomaji wajibu wa kuhoji.

Tatizo la pili ni la lugha. Mwanagenzi husoma kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa hulalamika kwa Kiswahili. Wanaleksikografia wanatupa "sonona". Wengine hutumia "unyogovu". Mgonjwa aghalabu husema tu, "Daktari, nina mawazo." Kauli hiyo yaweza kumaanisha wasiwasi wa karo au kodi ya nyumba, yaweza pia kuwa maradhi. Kitabu hakimwelezi daktari tofauti hiyo. Sharti aulize: usingizi je? Hamu ya chakula? Hali hii imedumu majuma mawili, kama miongozo inavyotaka? Asipouliza, mgonjwa huenda akarudishwa nyumbani na ushauri wa kupunguza mawazo.

Ni dhahiri kwamba usemi wa mgonjwa nao ni chanzo cha maarifa. Kuukusanya, kuufafanua na kuuweka mikononi mwa matabibu ni kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili.