Vichakataji Michoro vya Kizazi Kipya Hufika Lini Katika Kompyuta Mpakato?

Mfasiri wa habari za biashara, mwalimu wa somo la kompyuta, na afisa ugavi anayetayarisha orodha ya mahitaji ya idara yake, wote hukutana na swali hili: kadi mpya za michoro zitafika lini katika kompyuta mpakato za daraja la juu, zile zilizoundwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta? Jibu la miezi lipo, na litatolewa katika makala haya. Lakini kabla ya kuhesabu miezi yatupasa kujua ni kitu gani hasa kinachosubiriwa, maana jina moja limebebeshwa vitu viwili, na tafsiri zetu aghalabu huzidisha mchanganyiko huo.

Tuanze na kazi yenyewe. Kila nukta ya rangi inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta sharti ikokotolewe. Kioo chenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo kina jumla ya nukta 2,073,600, na mchezo unaokwenda kwa picha 60 katika sekunde moja huzidai nukta zote hizo upya mara 60 kila sekunde. Kichakataji kikuu cha kompyuta kina viini vichache vyenye nguvu, vinavyofaa kazi za kila namna. Kichakataji michoro kina maelfu ya viini vidogo ambavyo hufanya hesabu za aina moja kwa wakati mmoja, mfano wa wapalizi waliojipanga mstari katika shamba kubwa, kila mmoja na tuta lake. Jina la kichakataji michoro lilienea hasa mwaka 1999, kampuni ya NVIDIA ya California ilipokitangaza kifaa chake cha GeForce 256.

Katika kompyuta ya mezani kichakataji hicho hukaa juu ya bamba la peke yake, pamoja na kumbukumbu yake na feni zake. Bamba huchomekwa katika nafasi maalumu, nalo huweza kuchomolewa na kubadilishwa. Hapo neno kadi lina haki yake. Katika kompyuta mpakato, isipokuwa chache mno, hakuna kadi. Kichakataji michoro kimelehemiwa moja kwa moja juu ya bodi kuu, na hakitoki ila kwa fundi mwenye mitambo maalumu. Anayenunua kompyuta mpakato leo kwa tamaa ya kuibadilishia kadi kizazi kijacho kitakapofika amenunua matumaini. Ndiyo sababu tunaona neno kadi ya michoro libakie kwa bamba lile la kuchomekwa, na chipu yenyewe iitwe kichakataji michoro popote iwekwapo.

Jina kompyuta mpakato, linalotumika sana Tanzania, limetokana na kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama ampakatavyo mtoto. Kenya wengi husema kipakatalishi, ambalo nalo lina kitenzi hicho ndani yake. Majina yote mawili ni mazuri, ingawa kompyuta za michezo za daraja la juu nyingi huzidi kilo mbili na nusu na hutoa fukuto lisilostahimilika mapajani. Ni mpakato kwa jina. Kwa kweli hukaa mezani.

Sasa tuingie katika mchanganyiko wenyewe. Hadi kabla ya 2016, vichakataji michoro vya NVIDIA vilivyokusudiwa kompyuta mpakato vilitiwa herufi M mwishoni mwa jina, kwa mfano GTX 980M. Herufi hiyo moja ilitosha kumwambia mnunuzi kwamba hiki sicho kile cha mezani. Mwaka 2016 herufi iliondolewa, na wakati ule uondoaji huo ulikuwa na hoja: GTX 1080 ya mezani na ile ya mpakato zote zilikuwa na viini 2,560. Miaka ilivyokwenda tofauti ikakua, lakini herufi haikurudi. RTX 3080 ya mezani, iliyoingia sokoni mwaka 2020, ilikuwa na viini 8,704. Ya mpakato, ya mwaka 2021, ilikuwa na viini 6,144 na chipu ya aina nyingine kabisa. RTX 4090 ya mezani ilikuwa na viini 16,384, kumbukumbu ya gigabaiti 24 na kiwango cha umeme cha wati 450. Ya mpakato ilikuwa na viini 9,728, gigabaiti 16, na umeme wa kati ya wati 80 na 150. RTX 5090 ya mwaka 2025 imefuata njia hiyo hiyo: viini 21,760 na wati 575 mezani, viini 10,496 katika mpakato.

Kampuni hujitetea kwamba jina kamili hubeba maneno mawili ya ziada yanayoonyesha kuwa kichakataji ni cha mpakato. Ni kweli. Lakini maneno hayo ndiyo ya kwanza kukatwa na mwandishi wa tangazo, na mfasiri naye huyaona kama mkia usio na maana. Mkia huo una nusu ya habari. Mfasiri asiukate, aandike "RTX 4090 ya kompyuta mpakato" kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Baada ya kutenganisha vitu, tutenganishe tarehe. Husemwa kwamba kifaa fulani "kimetoka" au "kitatoka", na kitenzi hiki kutoka kimekuwa kikapu cha kila kitu. Kuna siku ya kutangaza, ambapo mkuu wa kampuni husimama jukwaani. Kuna siku ya kuingia sokoni, ambapo mtu aweza kulipa na kuchukua. Na kwa sisi tulio mbali na viwanda kuna siku ya tatu, ya kifaa kufika dukani Nairobi au Dar es Salaam, ambayo hakuna kampuni inayoitangaza. Kuzindua hutumika kwa siku ya kwanza au ya pili kadiri ya mwandishi apendavyo. Afadhali kiachwe kwa sherehe.

Kwa kufuata siku ya kuingia sokoni, historia ni hii. GTX 1080 ya mezani iliingia sokoni tarehe 27 Mei 2016, na ya mpakato ikafuata katikati ya Agosti mwaka huo, muda usiotimia miezi mitatu. RTX 2080 ilianza kuuzwa tarehe 20 Septemba 2018, na katika mpakato tarehe 29 Januari 2019. Hizo ni siku 131. RTX 3080 ilianza tarehe 17 Septemba 2020, na katika mpakato tarehe 26 Januari 2021. Kwa sadfa ni siku 131 tena. RTX 4090 ilianza tarehe 12 Oktoba 2022, na katika mpakato tarehe 8 Februari 2023, yaani siku 119. Kizazi cha RTX 50 kilitangazwa tarehe 6 Januari 2025, cha mezani na cha mpakato siku moja. Hata hivyo RTX 5090 ya mezani iliuzwa kuanzia tarehe 30 Januari, na kompyuta mpakato zenye jina hilo zikaanza kuonekana mwishoni mwa Machi. Kwa hiyo mwenye kuuliza "lini" aweza kujibiwa: miezi miwili hadi minne na kitu baada ya kadi za mezani kuuzwa, na kadi za mezani zenyewe zimekuwa zikibadilika kila baada ya miezi 24 hadi 28. Za daraja la juu hutangulia. Mwaka 2023 vichakataji vya madaraja ya chini vilifuata tarehe 22 Februari, wiki mbili baadaye.

Ucheleweshaji huu hautokani na uzembe. Kadi ya mezani ikishatengenezwa huchomekwa katika kompyuta ambayo mtu anayo tayari. Kompyuta mpakato huundwa nzima: bodi kuu huchorwa upya, mirija ya shaba ya kupozea hupimwa upya, na chaja hulinganishwa na mzigo mpya. Aidha, watengenezaji hupenda kuunganisha kichakataji michoro kipya na kichakataji kikuu kipya cha Intel au AMD, navyo mara nyingi hutangazwa katika maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas kila Januari. Ndiyo maana kadi za mezani za Septemba na Oktoba huwa na wenzao wa mpakato Januari na Februari.

Kubwa kuliko yote ni joto. Umeme wote unaoingia katika chipu hugeuka joto, na bati jembamba la mpakato haliwezi kuondoa wati 450. Betri nayo ina mpaka wake, kwa kuwa mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu bila kibali maalumu betri isiyozidi wati-saa 100. Kichakataji cha wati 150 kingeimaliza betri hiyo kwa dakika 40, hata kama kioo na vinginevyo visingekula chochote. Kwa hiyo nguvu kamili hupatikana chaja ikiwa imechomekwa tu, na kompyuta mbili zenye kichakataji cha jina moja zaweza kutofautiana sana, moja ikikipa wati 80 na nyingine 150.

Yamebaki maneno machache ya kuamuliwa. Toleo na kizazi vinagombaniwa. Toleo limezoeleka kwa vitabu na magazeti, na kizazi kimoja cha vichakataji kina matoleo kadhaa ndani yake. Kwa hiyo kizazi kishike nafasi ya juu. "Kizazi kijacho" lakini ni maneno ya hatari katika maandishi ya kudumu, kwa sababu kijacho cha siku ya kuandika ni kilichopita cha siku ya kusomwa. Litajwe jina na mwaka. "Kizazi kipya" nacho kwa vijana wa Tanzania ni muziki kwanza. "Hali ya juu" ni sifa ya muuzaji. "Daraja la juu" ni cheo kinachoweza kupimwa, na abiria wa treni wanalijua neno daraja tangu zamani. Na "kompyuta ya michezo" ikiandikwa hivyo tu yaweza kupelekwa idara ya riadha na kandanda. Iandikwe "ya michezo ya kompyuta", ijapokuwa neno linajirudia.

Afisa ugavi wa idara ya upimaji ardhi au ya filamu, ambaye huzihitaji kompyuta hizi kwa kazi isiyohusu mchezo wowote, aweza kuandika hivi: "Kompyuta mpakato yenye kichakataji michoro cha kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2025 au baadaye, kumbukumbu ya michoro isiyopungua gigabaiti 16, na umeme wa kichakataji michoro usiopungua wati 120." Kiwango cha wati mara nyingi hakimo katika karatasi ya muuzaji. Adai kiletwe kwa maandishi kutoka kwa mtengenezaji kabla ya zabuni kufungwa.