Saratani ya utumbo: Kwa nini daktari hana budi kurudi darasani

MGONJWA anapomweleza daktari kwamba hutokwa na damu aendapo haja kubwa, aghalabu huambiwa ana bawasiri, akapewa dawa ya kupaka na kurejea nyumbani.

Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Hata hivyo, wako wachache ambao damu hiyo hutokana na saratani ya utumbo mpana. Kwa hao, kila mwezi unaopita huupa uvimbe nafasi ya kukua na kusambaa hadi kwenye ini.

Kulingana na takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani hii ulimwenguni, na takriban 900,000 wakafariki. Ni saratani ya mapafu pekee iliyoua watu wengi zaidi.

Nchini Kenya, daktari anayetaka leseni yake ifanywe upya hutakiwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) kuonyesha kwamba amejiendeleza kitaaluma. Hukusanya pointi kwa kuhudhuria warsha, makongamano na kozi. Suala ni iwapo anachojifunza humfikia mgonjwa.

Jiji la Stockholm, Uswidi, lilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana.

Mnamo 1982, daktari wa upasuaji Bill Heald wa mjini Basingstoke, Uingereza, na wenzake walieleza kwa nini saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ilikuwa ikirejea baada ya upasuaji. Puru huzungukwa na tabaka la mafuta lenye tezi ndogo ambamo chembechembe za saratani hujificha. Waliokata kwa kupapasa waliacha masalio ya tabaka hilo mwilini. Heald alisisitiza kwamba sharti liondolewe zima, pamoja na puru, kwa kukata polepole huku daktari akiona anapopitisha kisu.

Zaidi ya miaka 10 baadaye, madaktari wa Stockholm waliandaliwa warsha. Hawakuketi kusikiliza mihadhara tu, bali walimtazama Heald akipasua wagonjwa. Wataalamu wanaochunguza viungo vilivyotolewa nao walifunzwa kubaini iwapo tabaka hilo limetoka zima, na hivyo aliyepasua akapata wa kumkosoa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Awali, saratani ilirejea palepale ilipoondolewa kwa takriban asilimia 15 ya wagonjwa katika miaka miwili. Baada ya mafunzo, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 6. Aidha, upasuaji unaomwacha mgonjwa na mfuko wa kupokea kinyesi tumboni maisha yake yote ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Ingawa ulinganisho huo ulihusu wagonjwa wa miaka tofauti, hapakuwa na dawa mpya iliyoweza kueleza mabadiliko hayo. Kilichobadilika ni ujuzi wa mikono ya madaktari.

Funzo kwa Kenya si upasuaji pekee. Mgonjwa hukutana kwanza na afisa wa kliniki au daktari wa kawaida, na hapo ndipo mafunzo yanapohitajika mno.

Kwanza, anayetokwa na damu apimwe kwa kidole kilichovishwa glavu. Kipimo hicho cha dakika chache hakihitaji mtambo, na huweza kugundua uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa. Mara nyingi huachwa kwa sababu ya haya ya pande zote mbili.

Pili, mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa na damu mwilini kwa kukosa madini ya chuma, asipewe tembe za madini hayo bila kuulizwa damu yake inapotelea wapi. Huenda inavuja utumbeni pasipo kuonekana.

Tatu, ujana usiwe sababu ya kuondoa shaka. Barani Afrika, sehemu kubwa ya wagonjwa huwa hawajafika umri wa miaka 50.

Inapothibitika kuwa ni saratani, mpasuaji, mtaalamu wa mionzi, mtaalamu wa dawa za saratani na mchunguzi wa tishu wanapaswa kujadiliana kabla ya kisu kushikwa, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya puru hufaidika wakianza kwa mionzi. Baada ya upasuaji, mchunguzi anatarajiwa kukagua tezi zisizopungua 12 ili kujua ugonjwa umefika wapi.

Mambo haya hayapatikani kwa kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria kongamano hotelini. Hospitali inayotaka kujua iwapo madaktari wake wamejifunza haina budi kuhesabu: ni wagonjwa wangapi waliotokwa na damu walipimwa kwa kidole, na ni wangapi ambao saratani yao ilirejea.

Nawe msomaji, ukiambiwa una bawasiri kabla ya kupimwa, muulize daktari wako kwa heshima amejuaje. Damu ikiendelea kutoka baada ya dawa kwisha, au choo chako kikibadilika kwa majuma kadhaa, rudi hospitalini.