Grafu ya hisa ikigoma, kagua tarakimu kabla ya kulaumu programu

WAWEKEZAJI wadogo wanaochora wenyewe mwenendo wa bei za hisa kwa kompyuta hukutana mara kwa mara na kikwazo kimoja. Programu inakataa kuchora na kutoa ujumbe kwamba data za makundi zimepelekwa kwenye skeli ya namba. Wengi hukifuta kifurushi na kukipakia upya, lakini kosa hubaki pale pale, kwani chanzo chake ni data.

Wanaokutana nalo zaidi ni watumiaji wa R, programu ya takwimu isiyolipiwa. Hao huchora kwa ggplot2, kazi ya Hadley Wickham iliyotoka mwaka 2007, pamoja na kifurushi cha nyongeza cha tidyquant, kinacholeta chati za mishumaa na mistari ya wastani unaosogea.

Chanzo cha kosa

Skeli ya bei hupokea namba tupu. Orodha za bei, hata hivyo, huandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu: elfu moja na hamsini huwa 1,050, na hisa ambayo haikuuzwa siku hiyo huwekewa kistari. Katika masoko madogo kama la Dar es Salaam, siku za namna hiyo si ngeni. Amri ya kawaida ya kusoma faili, read.csv, ikikuta alama hizo hata kwenye mstari mmoja tu, huisoma safu nzima kuwa maandishi.

Mwekezaji anayeona ujumbe huo ana bahati. Asipoweka amri ya kupanga skeli ya namba, grafu inaweza kutoka bila kelele, ila bei zimepangwa kama majina katika kamusi. Tuseme hisa ilifunga kwa shilingi 980 Jumatatu na 1,050 Jumanne. Kwa kuwa 1 hutangulia 9, nukta ya Jumanne itakaa chini ya ile ya Jumatatu. Bei iliyopanda itaonekana imeshuka, na mwenye hisa anaweza kuuza kwa hofu isiyo na msingi.

Jinsi ya kurekebisha

Kwanza, tumia amri ya str kuona kila safu imesomwa kama nini. Bei ikionyeshwa kuwa chr au Factor, umekipata kiini.

Pili, ondoa mikato kwa amri ya parse_number ya kifurushi cha readr. Usikimbilie as.numeric. Amri hiyo huifuta kila bei yenye mkato na kuacha pengo, hivyo 980 itabaki na 1,050 itapotea. Safu ikiwa ni Factor, hali ni mbaya zaidi: utapewa namba za mpangilio, 1, 2, 3, badala ya bei. Kabla ya toleo la R 4.0.0 la mwaka 2020, read.csv iligeuza maandishi kuwa Factor bila kuulizwa, kwa hiyo wanaotumia maelekezo ya zamani wawe waangalifu.

Tatu, kistari kiachwe kuwa pengo. Ukiweka sifuri, mstari utaporomoka hadi chini kana kwamba kampuni imefilisika, na wastani utashuka nao.

Nne, ukitaka kutazama miezi michache tu, usikate skeli kwa amri ya mipaka. Amri hiyo huzitupa data zilizo nje ya mipaka kabla ya hesabu kufanywa, na wastani wa siku 50 utakosa siku zake za mwanzo. Tidyquant ina coord_x_date, inayosogeza picha karibu bila kutupa kitu.

Kabla ya kumpigia dalali

Grafu kutoka bila ujumbe wa kosa haithibitishi kuwa ni sahihi. Chukua bei ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya siku ya mwisho, uzilinganishe na taarifa ya soko lenyewe. Zoezi hilo ni la dakika chache. Hisa iliyouzwa kwa kufuata mstari wa uongo huenda ukainunua tena kwa bei ya juu, na ada ya dalali utailipa mara mbili.