Mwanasosholojia, Usiitupe Fani Yako

Swali huja kwa sura ileile: "Dokta, mimi nimesoma sosholojia, lakini nataka kuingia kwenye utafiti wa usanifu wa teknolojia. Nianze na kozi gani ya kuandika programu?" Leo ni sosholojia, kesho Kiswahili, keshokutwa uuguzi. Wote wameshaamua kwamba walichosoma hakifai, na kwamba miezi mitatu ya mafunzo na cheti chenye muhuri vitawavusha. Wengine huniuliza wakiwa wameshalipa ada. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Cheti hicho hakikuvushi. Kinakutoa kwenye fani unayoijua na kukupanga nyuma ya vijana waliosoma kompyuta miaka mitatu au minne, ambao wanaandika programu vizuri kuliko utakavyoandika wewe ukitoka kwenye kozi. Ukiomba nafasi ya shahada ya uzamivu, kamati haitakuona mhandisi. Itaona mtu aliyeikimbia taaluma yake.

Chanzo cha imani hii ni kudhani kwamba kusanifu teknolojia kwa ajili ya watu ni kazi ya kompyuta, halafu watu wanaongezwa mwishoni. Fani ya kusanifu teknolojia kwa ajili ya watu haikujengwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Xerox ilikuwa na mashine ya kutoa kopi iliyotangazwa kwamba mteja atabonyeza kitufe cha kijani, basi. Wateja wakalalamika kuwa haieleweki. Kwenye kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko California, PARC, alikuwepo mwanafunzi wa anthropolojia kutoka Berkeley, Lucy Suchman. Akawaweka watu wawili wawili mbele ya mashine, akawarekodi kwa video wakihangaika kutoa kopi za pande mbili. Mmoja wao alikuwa Allen Newell, miongoni mwa waasisi wa akili mnemba na mshindi wa Tuzo ya Turing ya mwaka 1975. Naye alikwama.

Tazama kwa karibu alichofanya Suchman na video zile. Aliyaandika yaliyotokea katika safu nne. Ya kwanza ni yale waliyosema na kufanya watumiaji ambayo mashine haikuwa na namna ya kuyajua. Ya pili ni machache iliyoyajua: kitufe kimebonyezwa, mfuniko umefunguliwa. Ya tatu ni kile mashine ilichowaonyesha, na ya nne ni kile wasanifu walichokusudia. Safu ya kwanza imejaa watu wanaoulizana, wanaosoma maelekezo kwa sauti, wanaorudia hatua kwa kudhani wamekosea. Ya pili karibu haina kitu. Ukiziweka sambamba, tatizo unaliona kwa macho. Ujuzi wa kunakili mazungumzo kwa uangalifu huo ulitoka kwa wanasosholojia. Darasa la kompyuta halikuufundisha. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Plans and Situated Actions cha 1987, kinasomwa hadi leo, na mwandishi wake alikuja kuwa profesa wa anthropolojia ya sayansi na teknolojia Lancaster, Uingereza. Angekimbilia kozi ya programu, safu ile ya kwanza angeiandika nani?

Hapa kwetu Tanzania kazi ya namna hiyo imetapakaa. Chukua zahanati iliyopewa kishikwambi cha kusajili wajawazito. Muuguzi anaandika kwenye kitabu cha MTUHA, rejesta ya taarifa za huduma za afya, kishikwambi kiko kwenye droo, na jioni ananakili yote upya. Atakuja mtu aseme muuguzi hana mafunzo. Aliyefundishwa kutazama watu wakifanya kazi atakaa asubuhi nzima na kuona jambo jingine: programu haifungui ukurasa wa pili bila tarehe kamili ya kuzaliwa, mama anakumbuka mwaka tu, na benchi la nje limejaa. Kitabu kinaruhusu nafasi iachwe wazi. Hiyo ni tasnifu, tena nzuri, na imo mikononi mwa muuguzi au mwanasosholojia kabla hajajifunza mstari mmoja wa programu.

M-Pesa nayo, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, ilipata wachunguzi wake. Olga Morawczynski wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alikwenda kuishi na watumiaji Kibera, na kijijini Bukura, magharibi mwa Kenya, akafuatilia pesa inavyobadilisha mahusiano ya waliohama na waliobaki. Hesabu ya miamala peke yake isingemwambia hilo. Na wahitimu wa lugha wanaojidharau wajue hili: idara ya Chuo Kikuu cha Washington inayofundisha usanifu unaomlenga binadamu ilikuwa idara ya mawasiliano ya kiufundi hadi ilipobadilishwa jina mwaka 2009.

Programu jifunze, kiasi cha kumwelewa mhandisi na kumbana kwa maswali. Jifunze ukiwa ndani ya mradi.

Njia zipo. Idara nyingi za sayansi ya kompyuta zitadai shahada ya kwanza ya kompyuta. Gonga milango ya mifumo ya habari, taaluma za habari au usanifu. Chagua msimamizi kwa kazi zake, usichague kwa jina la shahada, na omba wasimamizi wawili, mmoja kila upande. Baki mahiri katika fani moja, maana anayegusa kila kitu juu juu hukataliwa na wahakiki wa pande zote mbili. Fuatilia AfriCHI, mkutano wa Afrika wa fani ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta ulioanzia Nairobi mwaka 2016. Soma mapema kanuni za kupandishwa cheo: wenzetu wa kompyuta huthamini sana makala za mikutano, vyuo vyetu vingi huhesabu majarida. Ndiyo maana CSCW, mkutano wa kimataifa kuhusu watu wanavyoshirikiana kazini kwa kompyuta, unafaa, kwani tangu 2017 makala zake hutoka kwenye jarida. Na utafiti ukigusa wagonjwa, Tanzania kibali cha maadili kiko NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza kukiomba kabla hujapanga tarehe ya kwenda zahanati.