Deni la Muda Mrefu: Usichoke Njiani

Kukopa ni kazi ya siku moja. Kulipa ni kazi ya miezi mingi. Wengi wetu huanza vizuri, halafu mwezi wa saba au wa nane moyo unachoka. Mimi Bwana Shamba wenu pia nilichoka. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nilichoka na nilifanya nini.

Nilikopa shilingi 1,200,000 kwenye chama cha akiba na mikopo. Nilitaka kununua mabati ya nyumba yangu. Tulikubaliana nilipe kwa miezi 24. Kila mwezi nilitakiwa kupunguza deni kwa shilingi 50,000. Juu yake niliongeza riba ya shilingi 2 kwa kila 100 ya deni lililobaki.

Mwezi wa kwanza riba ilikuwa shilingi 24,000. Kwa hiyo nililipa 74,000. Mwezi wa pili nililipa 73,000, mwezi wa tatu 72,000. Nikaendelea hivyo. Baada ya miezi saba nilikaa chini na kalamu. Nilikuwa nimetoa shilingi 497,000. Nikauliza, deni limebaki kiasi gani? Mweka hazina akaniambia limebaki 850,000. Siku hiyo sikula chakula cha jioni. Nilijiona kama mtu anayechota maji kwa pakacha.

Mke wangu hakusema maneno mengi. Alichukua kipande cha mkaa. Akachora mistari 24 ukutani, karibu na mlango wa chumba chetu. Kisha akakata mistari saba. Akaniambia, "Baba, wewe unatazama fedha zilizotoka. Tazama mistari iliyobaki."

Halafu tulifanya hesabu pamoja. Katika zile shilingi 497,000, riba ilikuwa 147,000. Shilingi 350,000 zilikuwa zimeingia kwenye deni lenyewe. Hazikupotea. Tena mwezi wa nane riba ingekuwa shilingi 17,000, siyo 24,000 tena. Mwezi wa mwisho ingekuwa 1,000 tu! Mwanzo wa deni ndio mzito. Mtu anayeacha mwezi wa saba anaacha wakati sehemu iliyo nzito inakwisha. Mimi ni mtu wa hesabu za mbolea kila siku, lakini hesabu hii sikuwa nimeifanya.

Tulikubaliana na jambo jingine. Kila mistari sita ikikatwa, tunachinja kuku. Kuku wetu wenyewe, siyo wa kukopa. Watoto ndio waliokuwa wakinikumbusha siku ya kulipa.

Je, safari yote ilikuwa nyepesi? Hapana. Mwezi wa 15 mtoto aliugua na fedha zikaenda hospitali. Nilifikiri kumkwepa mweka hazina. Nilifikiri hata kupita njia ya nyuma, kule mtoni. Lakini mdhamini wangu ni jirani yangu, ningemficha nani? Nilikwenda kwa mweka hazina siku tatu kabla ya tarehe. Nikaeleza. Kamati ikakubali nilipe riba peke yake mwezi ule, shilingi 10,000, na deni liongezwe mwezi mmoja. Mke wangu akachora mstari wa 25 ukutani, mfupi kuliko mingine. Yule anayekuja kabla ya tarehe husikilizwa. Anayefuatwa nyumbani huonekana mkorofi hata kama ana shida ya kweli.

Wakati ule mtu mmoja alinishauri nikope kwingine ili nilipe. Alinipa mfano wa mkopo wa shilingi 50,000, unarudisha 65,000 baada ya mwezi. Watu wanauita mkopo wa kausha damu, na jina hilo ni la haki. Shilingi 15,000 kwa mwezi mmoja juu ya 50,000! Kwa deni langu lote la 1,200,000, riba ya mwezi wa kwanza ilikuwa 24,000. Usizibe shimo dogo kwa kuchimba kubwa.

Labda utasema, "Bwana Shamba ana mshahara, mimi nasubiri alizeti." Ni kweli. Sisi wa Singida tunavuna alizeti kuanzia Mei na Juni. Januari hadi Machi mfuko ni mtupu. Basi panga malipo kwa msimu wako kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Mama mmoja wa kikundi cha hisa alikopa 400,000 aongezee fedha za kununua maksai. Riba yake ilikuwa 8,000 kwa mwezi. Miezi ya njaa alilipa riba peke yake, kwa fedha za mayai. Juni aliuza alizeti na kulipa 200,000 kwa mara moja. Mwezi uliofuata akadaiwa riba ya 4,000. Alikuja kunionyesha daftari lake huku anacheka. Nusu ile ilimtia moyo kuliko semina zangu zote.

Neno moja kwa anayetaka kukopa sasa. Uliza, riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, au juu ya deni la mwanzo mpaka mwisho? Kwa mkopo kama wangu, riba ya deni lililobaki ni shilingi 300,000 kwa miezi 24. Ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo ni 576,000. Asilimia ni ile ile, lakini shilingi 276,000 zinakutoka. Uliza pia leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mfanyabiashara wa mikopo awe na leseni, na vikundi vyetu visajiliwe. Na kila ukilipa, dai risiti au sahihi kwenye daftari lako.

Mimi nilimaliza mwezi wa 25. Mwaka jana tulipaka nyumba chokaa. Fundi alipofika kwenye ule ukuta wa mistari, mke wangu alimzuia. Mistari ipo mpaka leo.