Ploti Ni Moja: Ujenge Nyumba Yako au ya Kupangisha?

Umemaliza kulipia ploti na hatimiliki imetoka kwa jina lako. Hongera! Sasa kila mtu ana ushauri. Shemeji anasema jenga vyumba vya kupangisha, pesa iingie kila mwezi. Nyumbani wanasema wamechoka kulipa kodi, jengeni yenu kwanza. Fundi naye anasema anaweza kupiga gorofa. Wote wana sababu. Lakini ploti ni moja, na msingi ukishawekwa kubadilisha nia ni gharama. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti, jiulize maswali haya.

1. Unaruhusiwa kujenga nini?

Fika ofisi ya mipango ya kaunti uulize eneo lako limetengewa nini. Kuna mahali panaruhusiwa nyumba moja ya familia pekee, na mahali gorofa ni sawa. Kama ulinunua kwa kampuni, soma mkataba tena, kwa sababu mitaa mingine ina masharti yake. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka upate idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Mradi pia unatakiwa usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Ukiruka hatua hii, unaweza kuamriwa ubomoe kwa gharama yako.

Uliza pia kuhusu maji na maji taka. Mahali hakuna bomba la maji taka, shimo la vyumba kumi hujaa haraka kuliko la familia moja, na lori la kunyonya halikuji bure.

2. Nani atakaa hapo?

Karibu na chuo kikuu, kama Juja, bedsita hupendwa na wanafunzi, ila likizo ndefu zinaweza kukuacha na vyumba vitupu. Karibu na viwanda, kama Athi River, wengi hutafuta chumba cha bei nafuu wanachoweza kutembea hadi kazini. Mahali pana shule nzuri na utulivu, familia hutaka vyumba viwili vya kulala na pa kuanika nguo. Tembea mtaa jioni. Uliza wapangaji wanalipa ngapi, kisha uhesabu vibao vya nyumba tupu. Vikiwa vingi, jua wengine walikutangulia na wazo lako.

3. Hesabu inasema nini?

Tuchukue mfano. Umejenga bedsita 8 kwa shilingi 3,200,000, na kila moja unaipangisha 6,000. Zikijaa ni 48,000 kwa mwezi. Lakini usihesabu zote. Chukulia moja iko tupu, ubaki na 42,000. Kodi ya KRA ya mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya pesa yote iliyoingia, kabla ya kutoa gharama, kwa mwenye nyumba anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hiyo ni 3,150. Toa 5,000 ya taka, stima ya nje na marekebisho. Unabaki na 33,850.

Kwa hesabu hiyo, pesa yako itarudi baada ya karibu miaka minane. Na kama ulikopa na benki inataka 50,000 kila mwezi? Utakuwa ukitoa 16,150 mfukoni, na bado wewe mwenyewe unalipa kodi kwingine. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kuna njia ya katikati

Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, unaweza kuweka nyumba yako ndogo nyuma, uache sehemu ya mbele kwa vyumba vya kupangisha baadaye. Mwambie msanifu achore vyote viwili kwenye ramani moja tangu mwanzo, ili mifereji, shimo na njia ya kuingilia visije vikagongana. Ile kodi uliyokuwa ukilipa kila mwezi, sasa iweke akiba ya awamu ya pili.

Linda pesa yako ukijenga

- Tenga pesa ya ujenzi kwenye akaunti ya akiba, isichanganyike na ya matumizi.
- Mlipe fundi kwa awamu, kazi ikishaonekana. Hifadhi kila ujumbe wa malipo; ndio risiti yako.
- Duka la vifaa likikupa nambari ya mtu binafsi badala ya Till au Paybill yake, simama kwanza. Hakikisha jina kabla ya kuweka nambari ya siri.
- Wapangaji wakiingia, kila mmoja atumie nambari ya nyumba yake kama akaunti, mfano A1 au A2. Utajua nani amelipa bila kugonga mlango.

Usione aibu kuanza kidogo. Nyumba ya vyumba viwili iliyoisha ni afadhali kuliko gorofa iliyokwama kwenye slabu.