Kufuli Apewe Kila Mtu, Ufunguo Ubaki Nyumbani

Mgeni anayefika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huonyeshwa nyumba ambamo Dakta Livingstone alikaa kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Sisi tulipofika hapo, fikira zetu zilikwenda kwenye mfuko mmoja wa barua.

Mfuko huo ulitoka kwetu Unguja, nao uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mwaka uliofuata Stanley aliukuta ungali umelala Unyanyembe, hali vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vimeifunga njia ya Ujiji. Ulipomfikia mwenyewe, kwa hesabu ya Stanley, ulikuwa umepita mwaka mzima. Na huo ni mfuko uliobahatika. Barua nyingi ambazo Livingstone aliziandika Ujiji mwaka 1869 hazikuonekana pwani kabisa, na yeye aliamini kwamba wafanya biashara wa huko walichelea zisije zikatoboa habari za biashara yao ya watumwa. Hapo ndipo penye jambo letu la leo: mchukuzi wa barua anapokuwa na haja yake mwenyewe na yaliyomo ndani.

Dawa ya zamani ilikuwa lakiri na muhuri. Shajara ambayo Livingstone alimkabidhi Stanley airudishe pwani ilipigwa mihuri mitano. Lakini muhuri kazi yake ni kumjulisha mpokeaji kwamba amana yake imefunguliwa. Haumzuii mwenye kufungua.

Barua pepe ya kawaida ina hali iliyo duni kuliko hiyo. Ni kweli kwamba siku hizi njia baina ya mtambo na mtambo mara nyingi hufichwa, lakini ndani ya kila mtambo ambamo barua hulala, maandishi huwa wazi kwa mwenye mtambo, na kwa yeyote aliyeiba neno la siri la mwenye sanduku. Wala hapana lakiri ya kuonyesha kwamba imesomwa.

Kwa karne nyingi waliotaka kuandikiana kwa maandishi ya fumbo walikabiliwa na kikwazo kimoja: ilibidi kwanza wapeane ufunguo wa fumbo hilo, na ufunguo ungepelekwaje ila kwa mpagazi yule yule wasiyemwamini? Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Diffie na Hellman, walitangaza njia ya kukiondoa kikwazo hicho, na mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakapata hesabu ya kuitimiza. Mwaka 1991 Phil Zimmermann akatoa programu iliyowawezesha watu wa kawaida kuitumia kwa barua pepe zao.

Tuieleze kwa mfano wa njia yetu ya misafara. Mzee wa Unguja anafua makufuli mengi ya namna moja, yanayofunguliwa na ufunguo mmoja tu ambao hautoki nyumbani kwake. Makufuli hayo anayagawa yakiwa wazi: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kwa rafiki na kwa asiyemjua. Mtu wa Tabora akitaka kumwandikia, hutia barua katika kasha, akalibana kufuli, akalikabidhi kwa msafara wowote. Tangu hapo hata yeye aliyeifunga hawezi tena kuifungua. Katika kompyuta, kufuli hilo huitwa ufunguo wa hadhara, na ule wa nyumbani huitwa ufunguo wa siri. Kwa hiyo ufunguo wa hadhara hauna sababu ya kufichwa. Kadiri unavyoenea ndivyo unavyofaa.

Lakini mjanja aliyeko njiani hana haja ya kulivunja kufuli. Hulibadilisha. Huchukua kufuli la mzee, akampa mtu wa Tabora kufuli lake mwenyewe, na kasha linapopita kwake hulifungua, akasoma, kisha akalifunga tena kwa kufuli halisi la mzee. Wote wawili hulala usingizi wakidhani wamejihifadhi. Ndiyo maana hapana budi kila anayepokea ufunguo wa hadhara ahakikishe ni wa nani. Kila ufunguo una alama yake, ambayo kwa funguo nyingi za namna ya OpenPGP ni herufi na tarakimu 40, na alama hiyo hulinganishwa ana kwa ana, au kwa simu na mtu ambaye sauti yake unaijua.

Wapo watakaosema kwamba mwenye barua njema hana haja ya kuifunga. Hao wenyewe hawapeleki barua ya posa bila bahasha. Sisi tumewahi kupokea kutoka ofisi moja, kwa kosa la anwani, orodha ya wazee waliokuwa wakidai mafao yao, pamoja na tarehe zao za kuzaliwa na namba za vitambulisho. Tulipomjulisha mhusika alituomba tuifute, basi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inahifadhi mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Orodha ile ingalifungwa kwa ufunguo wa aliyekusudiwa, sisi tungalipokea takataka ya herufi.

Tunatoa rai kwa wakuu wa idara wanaoshika habari za wananchi: alama ya ufunguo iandikwe kwenye kadi ya ofisa na kwenye ubao wa ofisi. Gharama si hoja, kwani programu ya Thunderbird, ambayo hutolewa bure, imekuwa na kazi hii ndani yake tangu mwaka 2020. Wajue pia mipaka yake. Majina ya mwandishi na mpokeaji hubaki wazi, na mara nyingi kichwa cha barua pia, na mchukuzi anaweza bado kuitupa barua asiyoweza kuisoma. Anayepoteza ufunguo wa siri bila kuwa na nakala hatazisoma tena barua zake.

Sisi tulisomeana alama kwa simu na ndugu yetu aliyeko Tabora, herufi kwa herufi. Tangu mwanzo zikagongana. Ilikuwa ametazama ufunguo wetu wa zamani. Tukampelekea mpya, tukaanza tena.